Wakimbizi Langoni: Neno Linasemaje kwa Mataifa?

Andiko kuu: 2 Samweli 17:24–29. Soma pia Yoshua 20:1–6, Obadia 10–14 na Yeremia 41:16–18.

Nimeombwa niandike somo la Jumatano, kwa kuwa wengi hawakufika kwa ajili ya mvua, na waliofika walitoka na maswali mengi kuliko waliyoingia nayo. Basi fungua Biblia yako, tusome pamoja.

Vitanda, mabakuli, vyungu. Ngano, shayiri, unga, bisi, kunde, dengu, asali, siagi, kondoo, jibini. Ukipitisha macho haraka kwenye 2 Samweli 17 utadhani ni mtu anatoka Marikiti na kapu lake. Kumbe ni misaada ya wakimbizi. Daudi, mfalme mzima, ameondoka Yerusalemu akipanda Mlima wa Mizeituni bila viatu, analia, kwa kuwa Absalomu mwanawe amempindua. Hapa hakuna Mfilisti. Ni vita vya wenyewe kwa wenyewe, Waisraeli kwa Waisraeli, na ndani yake mna baba na mwana. Daudi na watu wake wanavuka Yordani usiku, wanafika Mahanaimu wakiwa hoi, tumbo tupu, koo kavu.

Sasa angalia ni nani anakuja na vitanda. Anayetajwa kwanza ni Shobi mwana wa Nahashi, mtu wa Raba ya Waamoni. Rudi nyuma hadi sura ya 10. Yule Hanuni aliyewanyoa wajumbe wa Daudi nusu ya ndevu na kuwakata nguo zao katikati, naye alikuwa mwana wa Nahashi. Vita vikafuata, na mwisho wa sura ya 12 Daudi ameuteka mji wa Raba na kuwatumikisha watu wake kazi ngumu. Yaani Shobi anatoka mji ambao huyu mkimbizi wa leo aliuvunja juzi. Angekaa nyumbani aseme, wacha wamalizane, nani angemlaumu? Wa pili ni Makiri wa Lo-debari, yule aliyekuwa amemweka nyumbani kwake Mefiboshethi mjukuu wa Sauli, na nyumba ya Sauli na nyumba ya Daudi mnajua zilivyokuwa. Wa tatu ni mzee Barzilai, miaka 80, mtu wa mali.

Hao watu watatu waliangalia hali ya waliofika, wakapakia. Mambo ya nani alianza vita yaliachwa kwa siku nyingine.

Taifa la pili katika somo letu ni Edomu, na hapa habari ni mbaya. Yerusalemu umeanguka, watu wanakimbia, na nabii Obadia anawashtaki Waedomu kwa jambo moja mahususi: walisimama kwenye njia panda kuwakata wale waliokuwa wanaponyoka, na waliosalia wakawakabidhi kwa adui. Hawakuuchoma mji wao. Walikaa barabarani. Na Edomu ni Esau, ndugu wa damu wa Yakobo! Mwamoni analeta magodoro, ndugu wa tumbo moja anafunga njia.

Sisi tunaokaa kisiwa hiki tunaijua habari hii kwa macho. Januari 1991 Siad Barre aliangushwa Mogadishu na Somalia ikapasuka ukoo kwa ukoo. Mimi wakati huo nilikuwa kijana wa vibarua pale Bandari ya Kale, na niliona mashua zikiingia zimejaa watu badala ya mizigo. Kina mama wamekalia mabunda ya nguo yaliyolowa, watoto wamechafukwa na bahari, wazee wa Barawa na kofia zao wananyamaza kimya. Kilichonishangaza ni lugha. Watu wa Barawa wana lugha yao, Chimwini, ambayo ni jamaa wa karibu wa Kiswahili chetu, ukitega sikio polepole unashika maneno. Tulikuwa tumeambiwa wanakuja wageni, na wageni wenyewe wanaomba maji kwa neno lile lile tunaloombea sisi.

Na nani alileta vitanda? Niseme kweli, maana jarida letu hili halikuanzishwa kwa kujisifu. Niliowaona mimi wa kwanza walikuwa majirani zetu Waislamu wa Mji wa Kale. Milango ya Kibokoni ilifunguliwa, wengine wakapokea jamaa, wengine wakapokea watu ambao hawajawahi kuwaona. Sufuria za wali zilitoka kila jioni. Makanisa yalikuja pia, na nguo na unga. Shobi naye hakuwa mtu wa agano, lakini jina lake limeandikwa ndani ya Neno pamoja na orodha ya vyombo vyake.

Halafu zikaja kambi. Vijana wetu wengi hawajui kwamba hapa Mombasa kulikuwa na kambi za wakimbizi: Utange kule Kisauni, Benadir iliyokuwa ya watu wa Barawa, Hatimy, Swaleh Nguru, Jomvu, na Marafa upande wa Malindi. Kabla ya miaka ya 90 kwisha zote zilikuwa zimefungwa. Kuna waliorudi kwao, kuna wa Barawa wengi waliochukuliwa Marekani, na kuna waliopakiwa mabasi wakapelekwa Kakuma na Dadaab. Watu wa bahari, wavuvi na washona viatu, wakapelekwa kwenye vumbi.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye mzigo wa somo.

Yoshua 20 inaeleza miji ya makimbilio, miji sita. Najua, miji ile iliwekwa kwa ajili ya mtu aliyeua bila kukusudia, si kwa ajili ya mtu wa vita. Lakini tazama namna Mungu alivyoipanga, maana ndiyo sheria ya wazi kabisa tuliyonayo kuhusu mtu anayekuja mbio akiomba kuokolewa roho yake. Anasimama penye lango. Anaeleza habari yake masikioni mwa wazee wa mji. Kisha mstari wa 4 unasema wazee wamwingize ndani, wampe mahali, akae kati yao. Na mstari wa 9 unaongeza kwamba miji ile ilikuwa ya mwana wa Israeli na ya mgeni pia.

Kwa hiyo wale wanaosema wakimbizi wasiulizwe chochote hawajaisoma Biblia vizuri. Lango lipo, na wazee wapo, na maswali yapo. Mungu hakusema tulale milango wazi. Lakini wale wanaosema wabaki huko huko langoni, nao wameifunga Biblia kabla ya mstari kwisha. Maswali yana mwisho wake. Yakishajibiwa, mtu anaingia na kupewa mahali.

Sasa pima nchi yetu kwa kipimo hicho. Zamani Kenya ilikuwa inafika hadi mwisho wa mstari. Waganda waliomkimbia Idi Amin miaka ya 70 walikaa mijini na kufanya kazi, na wengi wao walishika chaki. Mimi hesabu nilifundishwa na mwalimu Mganda, mkali kama pilipili, na hakuna aliyemuuliza kwa nini hayuko kambini. Mwaka 1991 watu wakawa wengi kwa ghafla. Kufikia 1992 Kenya ilikuwa na wakimbizi zaidi ya 400,000, kutoka Somalia, Sudan, Ethiopia. Serikali ilielemewa, na tusiwe wepesi kuhukumu, mzigo ulikuwa mzito kweli. Ikafungua Dadaab na Kakuma, ikasema wakae huko.

Ifo, Dagahaley na Hagadera, zile kambi za kwanza za Dadaab, zilikusudiwa watu 90,000. Mwaka 2011, njaa ilipoungana na vita, walifika karibu nusu milioni. Kuna mtu alizaliwa pale 1992, amesoma pale, ameoa pale, na leo ana watoto pale, na akitaka kutoka anahitaji karatasi ya kibali. Huyo mtu amesimama langoni miaka zaidi ya thelathini! Maswali aliyajibu babake. Je, hii ni Tema, ni Moabu au ni Edomu? (Tema na Moabu msomee Isaya 21:14–15 na 16:3–4, sikupata nafasi ya kuwaeleza Jumatano.) Mimi nasema si Edomu. Kenya ilifungua, na imelisha, na hadi leo ina wakimbizi zaidi ya 800,000, wakati nchi tajiri kutushinda zinahesabu mia mia. Lakini tulisimama katikati ya mstari wa 4.

Tena kuna siku tumekaribia njia panda ya Obadia. Januari 2007, vita vikiwa vimechacha ng'ambo, serikali ilifunga mpaka na Somalia. Mei 2016 ikatangaza kwamba Dadaab itafungwa na watu warudi kwao, na kwao bado kunawaka. Februari 2017 Mahakama Kuu, chini ya Jaji John Mativo, ikasema agizo lile linavunja Katiba. Na kabla ya hapo, 2013, katika kesi iliyopelekwa na Kituo cha Sheria, mahakama ilizuia agizo la kuwahamishia kambini wakimbizi wote wa mijini. Watu huwa tunaombea marais na kuwasahau majaji. Tuwaombee wote.

Jambo moja dogo la sheria, kwa wanaopenda. Mkataba wa Geneva wa 1951 ulimtazama hasa mtu anayeteswa kwa sababu ya kabila, dini, uraia, kundi au siasa yake. Sasa mama wa kawaida aliyekimbia kwa sababu makombora yanaangukia soko, hakuna anayemtafuta yeye kwa jina, anaingia wapi hapo? Viongozi wa Afrika walipokutana Addis Ababa 1969 waliandika mkataba wao, wakamtaja hata huyo anayekimbia vita na vurugu tu. Kenya iliuridhia 1992. Tumezoea kusikia kwamba kila jema la sheria limetoka Ulaya. Hili la kumpokea mtu wa vita tulilipanua sisi.

Na majirani? Tanzania iliwapokea Warundi wa 1972, ikawapa mashamba Katumba, Ulyankulu na Mishamo, na miaka mingi baadaye ikawapa uraia zaidi ya 160,000 kati yao. Tanzania hiyo hiyo, Desemba 1996, iliwaamuru Wanyarwanda warudi kwao, na askari wakasimama barabarani. Taifa moja linaweza kuwa Shobi na kuwa Edomu, inategemea mwaka. Uganda ndiyo imeshikilia sana, mkimbizi anapewa kipande cha ardhi, anaruhusiwa kufanya kazi na kutembea.

Na hapo Uganda tusipite haraka, kwa sababu mwaka 2008 waliopewa vile vipande vya ardhi walikuwa Wakenya. Ndiyo, sisi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 maelfu walivuka Busia na Malaba na watoto mgongoni, na wengine wakapewa makao Kiryandongo. Na hapa kwetu Pwani, Agosti 1997, kituo cha polisi cha feri ya Likoni kiliposhambuliwa na watu wa bara wakaanza kuwindwa, maelfu walilala katika uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni. Baadhi yenu mnaosoma haya mlilala pale. Hakuna aliyewaomba kadi ya ushirika.

Nimeulizwa Jumatano, na dada mmoja aliuliza akitokwa na machozi: "Mwalimu, na sisi tuliopigwa risasi je?" Ni swali la haki, na sitalifunika kwa haleluya. Machi 2014 waumini walipigwa risasi Likoni wakiwa ibadani. Aprili 2, 2015 watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao vijana wetu, na siku ile Wakristo walitengwa ili wauawe. Mtu aliyezika hawezi kuambiwa asiogope.

Nilimjibu mambo mawili. Kwanza, lango lipo kwa ajili hiyo, na kazi ya wazee wa lango ifanywe kwa bidii na bila hongo, maana anayepita kwa hongo hajaulizwa chochote. Pili, kumbuka mmoja wa wale waliofanya unyama wa Garissa alikuwa Mkenya, aliyesomea sheria chuo kikuu, mtoto wa chifu. Hakupita kambi. Na yule mama wa Kisomali anayeuza nguo mtaa wa pili alikimbia watu wa aina hiyo hiyo. Dada alinyamaza. Sikumshurutisha aseme amina, na nyinyi msimshurutishe.

Haya yote yana sababu ya kuandikwa wiki hii. Ndugu zetu kutoka Kongo na Burundi, ambao mmewaona wakiketi viti vya nyuma, wameandika barua kwa baraza la wazee. Wengi wao ni wa Kivu, na mnajua Goma ilivyochukuliwa Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata. Wanaomba ukumbi kila Jumapili saa nane mchana, na wanaomba watoto wao wapokelewe katika chekechea ya kanisa kwa karo ile ile ya watoto wa washirika.

Wazee wamefanya kazi ya lango. Karatasi zao za kujiandikisha zimetazamwa, mmoja mmoja, na wawili ambao zao zilikuwa na kasoro wamesindikizwa kwenda kuzishughulikia. Kuhusu sheria hakuna linalofichwa. Kwa hiyo nawasihi, tusirudie maswali yaliyokwisha kujibiwa. Kilichobaki mbele yetu ni ile nusu ya pili ya mstari.

Nimesikia wengine wakisema, wapewe ukumbi lakini si chekechea. Yaani waabudu, kisha waende. Sielewi. Ukumbi saa nane uko mtupu, hautugharimu kitu ila umeme. Chekechea ndiyo inayogharimu, na ndipo watoto wao watakaa na watoto wetu, watagombania bembea, watajifunza nyimbo moja. Kukaa kati yetu kunaanzia hapo. Nimesikia pia kwamba karo yetu ni ya chini kwa sababu inajazwa na sadaka za washirika. Ni kweli, na hesabu yake inafaa itolewe mbele ya kanisa, tuione. Serikali yenyewe mwezi wa Machi 2025 ilizindua Mpango wa Shirika, ili Dadaab na Kakuma ziwe miji ambamo mkimbizi na mwenyeji wanatumia shule moja na hospitali moja. Utafaulu ama hautafaulu, tutaona. Lakini ikiwa hata serikali imeanza kuusoma mstari hadi mwisho, kanisa litasema nini?

Namalizia na Barzilai, kwa wale wapenzi wa kuchimba. Vita vilipokwisha Daudi alitaka kumchukua mzee huyo Yerusalemu amtunze. Mzee akakataa, akasema umri umekwenda, chakula hata hakina ladha tena kinywani, akamtoa Kimhamu aende badala yake. Hiyo ni 2 Samweli 19, na kisha Kimhamu anapotea katika hadithi. Miaka kama 400 baadaye Wababeli wameuharibu Yerusalemu, gavana Gedalia ameuawa na Wayahudi wenzake, na mabaki ya watu wanakimbilia Misri, wanawake, watoto na askari. Yeremia 41:17 inataja mahali walipopumzika njiani, karibu na Bethlehemu. Panaitwa Geruth-Kimhamu, na jina hilo wafafanuzi wanalieleza kuwa ni makao ya wageni ya Kimhamu. Wengi wanaona ni mwana wa Barzilai yule yule, aliyepewa ardhi na Daudi kwao Bethlehemu.

Barua ya ndugu zetu itasomwa mbele ya kanisa Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya ibada ya pili, na kura itapigwa kwa kuinua mkono. Katika ushirika wa nyumbani wiki hii someni Yoshua 20 yote kwa sauti, na kila nyumba iulizane: kati yetu ni nani aliwahi kupokewa, na alipewa mahali pa namna gani? Wenye vitanda na vyombo ambavyo havitumiki, mwoneni mama mweka hazina wa idara ya wanawake. Familia mbili zinalala chini.